Muhuri wa Kidijitali Kwenye Ramani Iliyochapishwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waombaji wa Vibali vya Ujenzi Mwanza

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa kila wiki na wenye viwanja, mafundi sanifu, wahandisi vijana, na wale jamaa wa plota, mashine kubwa ya kuchapia ramani, ambao hulaumiwa hata kwa makosa yasiyo yao. Mwenye haraka achukue hili aondoke nalo: muhuri wa kidijitali unakaa ndani ya faili, haukai kwenye karatasi. Ukipeleka karatasi peke yake, jiandae kuombwa wino au kuombwa faili.

Muhuri wa kidijitali si ile picha ya muhuri inayobandikwa kwenye kona ya mchoro?

Siyo. Ugomvi mwingi wa kaunta unaanzia hapo.

Kuna watu wanagonga muhuri wa mpira kwenye karatasi nyeupe, wanauskani, wanafuta weupe wa nyuma, kisha wanaubandika kwenye kila ukurasa wa mchoro pamoja na saini. Ukichapa, unatoka safi kuliko hata wa wino. Hiyo ni picha. Yeyote aliyetumiwa faili anaweza kuikata na kuibandika kwenye ramani ya nyumba nyingine, na mhandisi mwenyewe asijue mpaka siku ukuta umepasuka na jina lake linasomwa kwa sauti.

Muhuri wa kidijitali wenyewe ni hesabu. Programu inalipitia faili zima na kutoa heshi, yaani mfuatano wa tarakimu wenye urefu uleule siku zote. Kwa kanuni inayotumika sana, SHA-256, ni biti 256, iwe ramani ya choo cha uani au ya hoteli ya ghorofa nane. Heshi hiyo inafungwa kwa ufunguo binafsi ambao anao mhandisi peke yake, kwenye kifaa kidogo cha kuchomeka au kwenye huduma ya mtandaoni yenye nywila. Ufunguo wa pili, wa umma, umo ndani ya cheti cha kidijitali, na cheti hicho hutolewa na taasisi ambayo kwanza imejiridhisha kwamba anayekiomba ndiye kweli. Anayelifungua faili, programu yake inapiga hesabu upya. Kama kuna nukta moja iliyoguswa, majibu hayalingani na onyo linatokea.

Ile alama ya duara yenye jina unayoiona kwenye skrini ni pambo la kukuonyesha kwamba hesabu ipo. Faili linaweza kuwa na muhuri halali bila alama yoyote kuonekana, na linaweza kuwa na alama nzuri sana bila muhuri wowote ndani yake.

Nikishachapa, muhuri haubaki kwenye karatasi?

Linabaki lile pambo. Wino wa plota haubebi ufunguo wala heshi wala cheti. Ni kama kupiga picha noti ya elfu kumi: sura yote ipo, ila dukani hununui nayo hata sukari.

Mtazame afisa aliyeshika karatasi hiyo. Mbele yake kuna seti mbili. Moja imetoka kwenye faili lililotiwa muhuri wa kidijitali kwa utaratibu wote, ya pili imebandikwa picha iliyoibwa. Kwa macho zinafanana, hana namna ya kuzitofautisha. Ndiyo maana sisi hatuungani na wanaosema maafisa wanaokataa wamepitwa na wakati. Anayekataa karatasi tupu yenye pambo anafanya kazi yake sawasawa. Wa kulalamikiwa ni yule anayekataa karatasi na faili pia, bila kusema anataka nini.

Waliotutangulia kwenye mambo haya nao wameliona. Katika jimbo la Florida, Marekani, kanuni za bodi ya wahandisi zinataka mchoro uliotiwa muhuri wa kidijitali uandikwe maneno yanayomwambia msomaji kwamba nakala zilizochapishwa hazihesabiki kuwa zimesainiwa na kugongwa muhuri, na kwamba saini ihakikiwe kwenye nakala ya kielektroniki. Sisi hatufungwi na kanuni za Florida. Ila kompyuta haijui kama iko Miami au Nyakato, na hesabu yake inapotea kwenye karatasi kwa namna ileile.

Sheria zetu zinautambua muhuri wa namna hii?

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Na. 13 ya mwaka 2015, inaitambua saini ya kielektroniki iliyo salama pale ambapo sheria nyingine inadai saini. Sifa zake kwa lugha ya kawaida: iwe ya mtu huyo peke yake, imtambulishe bila utata, itengenezwe kwa njia iliyo chini ya mamlaka yake, na iungane na waraka kiasi kwamba waraka ukibadilishwa ijulikane.

Soma tena sifa ya mwisho. Picha ya muhuri inaanguka hapo hapo, maana mchoro unaweza kubadilishwa chini yake na yenyewe ikabaki imetulia. Na karatasi uliyochapa kutoka kwenye faili halali nayo inaanguka, kwa sababu kiungo kati ya saini na waraka kimekatika ulipobonyeza kuchapa. Kwa hiyo mtu asikutishie kaunta kwa kutaja sheria ya 2015 huku mkononi ana karatasi. Sheria hiyo inalitetea faili lake.

Jiji la Mwanza watapokea? Na Ilemela je?

Kwanza ujue unaomba wapi. Tangu 2012 ni halmashauri mbili, Jiji la Mwanza kwa upande wa Nyamagana na Manispaa ya Ilemela. Kiwanja kikiwa Buhongwa, Mkolani, Nyegezi au Igoma, unakwenda Jiji. Kikiwa Kirumba, Pasiansi, Buzuruga au Nyakato, ni Ilemela. Wapo waliopanga foleni nusu siku kwenye ofisi isiyo yao kwa sababu barua zao zimeandikwa "Mwanza" tu.

Pili, usiulize "mnapokea muhuri wa kidijitali?" Ukiuliza hivyo, nusu ya watu watadhani unazungumzia picha na watajibu ndiyo, nusu nyingine watasikia neno geni na watajibu hapana. Uliza mambo matatu yanayojibika: Faili lenyewe nalipakia kwenye mfumo au nalileta kwa flashi? Nani atalifungua kulihakiki? Na seti za karatasi ziwe ngapi, zipi lazima ziwe na wino? Ukipata majibu, andika jina la dawati na tarehe. Afisa akihamishwa, atakayekuja baada yake anaweza kuwa na mtazamo mwingine, na wewe umeshachapa.

Maombi yenyewe siku hizi yanapitia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, unapata kontrol namba, unalipa. Watu wengi wanadhani kwa kuwa maombi ni ya mtandaoni basi kila kitu kimekwisha mtandaoni. Sivyo. Mfumo kupokea faili lako la PDF si sawa na mtu kuuhakiki muhuri ulio ndani yake, na nakala itakayogongwa "imeidhinishwa" kisha kukaa saiti mara nyingi bado ni karatasi.

Basi njia salama ni ipi?

Ya kwanza, ambayo mpaka leo haijamkwamisha mtu: chapa seti zote, mhandisi azigonge muhuri wa mpira na kusaini kwa kalamu kila karatasi. Kila karatasi, siyo jalada tu. Wino wa bluu unasaidia kwa sababu plota nyingi za mjini zinachapa nyeusi, hivyo afisa anaona mara moja kwamba saini haikutoka kwenye mashine.

Ya pili ni kuambatanisha: faili lenye muhuri wa kidijitali linakwenda ofisini, nakala za karatasi zinakwenda kama za kusomea, na kwenye kila karatasi kuna maandishi yanayosema asili ni faili fulani, toleo fulani, tarehe fulani. Hii ndiyo tunayoipendelea pale dawati linapoikubali, maana hata karatasi ikipotea, ikilowa au ikichezewa, kuna cha kulinganisha nacho.

Kuna ya tatu inayopendwa na wengi: kugonga wino juu ya karatasi ambayo tayari ina pambo la kidijitali. Inakubalika, ila inachanganya. Pambo likisema tarehe 3 na wino ukisema tarehe 19, utaulizwa ipi ni ya kweli. Kama unajua utagonga wino, chapa toleo lisilo na pambo.

Mhandisi wangu yuko Dar. Lazima asafiri?

Hapana, na hapa ndipo muhuri wa kidijitali unapotuokoa kwelikweli, dawati likiukubali. Lisipokubali, karatasi zitasafiri badala ya mtu. Utaratibu wa siku zote ni kuchapa huko aliko, anagonga na kusaini, seti inakunjwa kama mkeka mdogo ndani ya bomba la PVC lililozibwa pande zote mbili, inakabidhiwa kwa basi, unaipokea Nyegezi au Nyamhongolo. Msisitizie azibe vizuri. Msimu wa masika, buti la basi halina huruma na karatasi ya A1, na muhuri wa mpira ukilowa unageuka doa la zambarau ambalo hakuna afisa atakayelisoma.

Usikubali ile ya "nitumie nakala nichape huku, wewe niazime picha ya muhuri wako." Mhandisi anayekubali amekukabidhi jina lake. Mhandisi makini atakataa, usimnunie.

Kwa ndugu zetu wa Ukerewe jambo lina uzito zaidi, maana karatasi moja iliyosahaulika kusainiwa ni meli ya kwenda na kurudi Nansio. Kabla hamjaachana na injinia wenu Mwanza, fungueni bomba, hesabuni karatasi moja moja kwa orodha ya michoro, mtazame kona ya kila moja.

Nani hasa ana haki ya kutia muhuri, wa wino au wa kidijitali?

Teknolojia haijabadilisha hili hata kidogo. Michoro ya uimara wa jengo, yaani msingi, nguzo, bimu na slabu, ni ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, chini ya Sheria Na. 15 ya 1997, Sura ya 63. Michoro ya usanifu ni ya msanifu majengo aliyesajiliwa na bodi yao, AQRB, ambayo sheria yake ni Na. 4 ya 2010. Mmoja hagongi badala ya mwingine.

Mhandisi mhitimu, yule aliyemaliza chuo na bado yuko kwenye kulelewa kikazi, anachora, anapiga hesabu, anakimbia saiti, ila kubeba dhamana ya kitaalamu kwa jina lake bado. Akijinunulia cheti cha kidijitali, programu itaonyesha alama ya kijani na kila kitu kitaonekana shwari. Cheti kinathibitisha kwamba ni yeye. Hakithibitishi kwamba anaruhusiwa. Hilo linaangaliwa kwenye daftari la Bodi, kwa jina na namba ya usajili, na kuliangalia hakuchukui muda mrefu kuliko kunywa soda.

Fundi wangu anazo picha za mihuri ya mainjinia wawili na anasema wamemruhusu. Kuna ubaya gani?

Ngoja tuuonyeshe ubaya kwa namba, kwa sababu maneno matupu hayajamtisha mtu.

Chukua slabu ambayo mhandisi ameandika nondo za milimita 16 kila baada ya milimita 150. Nondo moja ya 16 ina eneo la milimita za mraba 201, hivyo kwa kila mita ya upana unapata takribani 1,340. Sasa mtu analifungua faili, anafuta, anaandika nondo za milimita 12 kila baada ya milimita 200. Nondo ya 12 ina eneo la 113, kwa mita unapata kama 565. Umebakiwa na chini ya nusu ya chuma kilichokusudiwa. Kwenye karatasi kilichobadilika ni tarakimu chache zenye ukubwa wa punje ya mchele, na picha ya muhuri bado inang'aa pale kona. Mwenye nyumba anafurahi kwamba bei ya nondo imeshuka.

Kwenye faili lenye muhuri wa kidijitali badiliko hilo hilo lingeleta onyo jekundu kabla hujasoma hata jina la mradi. Hiyo ndiyo faida yote ya teknolojia hii. Anayeutaka kwa ajili ya urembo au kukwepa safari tu, hajaelewa anachonunua.

Na kisheria, kutumia muhuri wa mtu kwenye kazi ambayo hakuifanya wala kuisimamia ni kughushi. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024, watu walikumbushwa kwa uchungu kwamba ujenzi si mambo ya kubahatisha. Usitegemee afisa wa kibali akuonee aibu kwenye jambo hili.

Nitajuaje mwenyewe kama faili nililopewa lina muhuri halali?

Lifungue kwenye kompyuta, kwa programu inayohakiki saini. Adobe Reader ya bure inatosha. Simu nyingi zinaonyesha pambo bila kuhakiki chochote, kwa hiyo usiridhike na simu. Juu ya ukurasa utaona mstari unaozungumzia saini, au ufungue sehemu ya saini pembeni. Kama hakuna mstari wala sehemu yoyote, una picha.

Ukiona kijani, bado usifunge. Bofya usome jina la aliyesaini, cheti kimetolewa na nani, na saa. Ukiona alama ya njano, mara nyingi maana yake faili halijaguswa lakini programu haimfahamu aliyetoa cheti. Hapo kuwa mkali. Mtu yeyote anaweza kujitengenezea cheti chake kwenye kompyuta kwa dakika chache na kukiandika jina lolote, likiwemo la injinia mkubwa kuliko wote kanda hii. Cheti cha kujitengenezea kinathibitisha kwamba faili halikubadilishwa tangu lisainiwe. Hakithibitishi aliyesaini ni nani. Nyekundu maana yake limeguswa au saini imeharibika. Lirudishe.

Muhuri ulikuwa sawa ofisini, nilipofika halmashauri ukakataa. Nini kimetokea?

Hapa tuna uzoefu wa kutosha kujaza daftari. Wahalifu ni wale wale.

Kuunganisha mafaili. Mhandisi alisaini michoro yake, msanifu yake, kisha kijana wa steshenari akayaunganisha yawe PDF moja "ili isiwe shida". Saini zote zinakufa pale pale. Unganisha kwanza, saini baadaye. Wakiwa watu wawili wanaosaini faili moja, wa kwanza asilifunge lisiongezwe kitu, wa pili aongeze saini yake juu ya ile ya kwanza kwa programu inayoruhusu hivyo, bila kuhifadhi upya kwa njia nyingine.

Kuchapa kuwa PDF. Mtu analifungua faili lenye muhuri, anachagua kuchapa, lakini badala ya plota anachagua PDF ili kupunguza ukubwa. Linatoka faili jipya kabisa, sura ileile, ndani halina kitu. Tovuti za kupunguza ukubwa wa PDF nazo ni hivyo hivyo. Kama mfumo unakataa faili kwa uzito wake, mwambie mhandisi alipunguze kabla ya kusaini.

Na wale wanaoandika kitu kidogo tu: namba ya kiwanja iliyosahaulika, tarehe, jina la mtaa. Hakuna kidogo kwa heshi.

Kutuma kwa WhatsApp kunaharibu?

Ukituma kama waraka, hapana, faili linafika lilivyo. Ukipiga picha skrini au ukatuma ukurasa kama picha, umetuma picha.

Msimbo wa QR kwenye kona ya karatasi si ungemaliza ubishi?

Ungesaidia sana, kwa sharti moja: uelekeze kwenye rekodi ambayo mwenye ramani hawezi kuihariri. Afisa anaelekeza simu, inafunguka kumbukumbu ya bodi au ya mfumo wa halmashauri inayosema mchoro namba fulani, toleo fulani, umetiwa muhuri na fulani siku fulani, na ikiwezekana nakala yenyewe aione alinganishe. Hapo karatasi inapata tena uzi wa kuifunga na asili yake.

Lakini tunaona misimbo inayopeleka kwenye tovuti ya ofisi ya mchoraji, mingine kwenye folda ya mtandaoni ya mtu binafsi, na mmoja ulifungua maandishi tu yanayosema "mchoro huu ni halali". Huo haumalizi ubishi wowote.

Nilichapa A3 ili kuokoa hela. Muhuri unaonekana vizuri, kwa nini wamekataa?

Pengine hawakukataa muhuri. Karatasi ya A1 ni milimita 594 kwa 841, A3 ni 297 kwa 420, yaani kila upande umekuwa nusu. Mchoro ulioandikwa 1:100 sasa kwa kweli ni 1:200, lakini maandishi bado yanasema 1:100. Afisa akiweka rula, umbali wa mita 3 kutoka mpaka wa jirani anausoma mita 1.5. Kwake umevamia mpaka.

Hata A1 inaweza kukuponza kama mashine imewekewa kujaza ukurasa, maana inabana kidogo na hakuna anayeona. Mwambie wa plota achape kwa asilimia 100, na mhandisi aweke mstari wa kipimo kwenye mchoro, ule wenye mita zilizochorwa, kwa kuwa wenyewe hupungua na kuongezeka pamoja na mchoro. Kisha pima mwenyewe hapo hapo dukani kabla ya kulipa.

Wamenirudishia nifanye marekebisho. Naweza kurekebisha ukurasa mmoja na kuacha mingine na muhuri wake?

Kwenye karatasi za wino, ndiyo, ukurasa uliobadilika unachapwa upya na kugongwa upya, na jedwali la matoleo linaandikwa kilichobadilika. Kwenye faili, inategemea lilivyosainiwa. Kama kurasa zote ziko kwenye faili moja, zote zinasainiwa upya. Wahandisi waliozoea hutenga: michoro ya msingi faili lake, slabu faili lake, ngazi na tangi faili lake. Majina ya mafaili yawe na herufi ya toleo, siyo "mpya", "mpya kabisa", "ya mwisho2".

Toleo la zamani usilifute. Siku ukiulizwa fundi alijenga kwa mchoro upi, ndilo litakalokutetea.

Saiti niweke ipi?

Nakala ya karatasi iliyogongwa idhini ya halmashauri, mahali pakavu, mkaguzi akija aione. Mwenye mradi na msimamizi wawe na faili lenye muhuri kwenye kompyuta. Sehemu za milimani, Isamilo, Igogo, Mabatini, mambo hubadilika mkichimba: mlitarajia udongo mkakuta jabali, au mlitarajia jabali mkakuta jiwe kubwa limekaa juu ya udongo bila mzizi. Fundi asichore suluhisho kwa kalamu juu ya nakala yenye idhini. Apigiwe injinia, atoe mchoro mpya wenye muhuri, hata kama ni wa ukurasa mmoja wa ukuta wa kuzuia udongo. Kuta hizo ndizo zinazoshikilia nyumba za watu wengine chini yako.

Cheti cha kidijitali cha mhandisi kikiisha muda, ramani yangu inakufa?

Haifi kama ilisainiwa pamoja na muhuri wa muda, yaani alama ya tarehe na saa ya kusaini, kutoka kwenye huduma huru ya saa. Huo unathibitisha kwamba siku ya kusaini cheti kilikuwa hai. Bila huo, programu itategemea saa ya kompyuta ya mhandisi, ambayo hata mtoto anaweza kuirudisha nyuma. Nyumba inakaa miaka hamsini, cheti mwaka mmoja au mitatu. Liulize hili kabla ya kulipa malipo ya mwisho.

Kiwanja changu kiko ufukweni Luchelele. Muhuri wa kidijitali utaharakisha?

Muhuri hauna neno na ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa. Hakikisha ramani ya eneo inaonyesha umbali huo, umepimwa na mpima aliyesajiliwa, siyo kukadiriwa kwa hatua. Na kumbuka ziwa lenyewe halitulii: 2020 maji yalipanda mpaka watu wa mialo na hoteli za ufukweni wakahama vitu. Afisa anayekuuliza ukingo uliupima mwaka gani hakuonei.

Zimamoto nao wanataka muhuri?

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wanaangalia michoro ya njia za kutokea, maji ya kuzimia moto na vifaa vya tahadhari, hasa kwa majengo ya biashara na ya ghorofa. Dawati lao ni lao. Waliyokukubalia halmashauri usidhani yanawafunga. Ulizia kwao maswali yaleyale matatu.

Kwenye mkataba na mhandisi niandike nini kuhusu muhuri?

Kwamba utakabidhiwa vyote viwili, seti za karatasi zenye wino kwa idadi mliyokubaliana, na mafaili yenye muhuri wa kidijitali kama anao. Kwamba marekebisho yatakayotakiwa na mamlaka ya kibali yatatiwa muhuri upya, na kama kuna malipo ya ziada yatajwe sasa. Kwamba hatoi picha ya muhuri wake kwa yeyote, ukiwemo wewe. Mhandisi akikuambia mafaili hatoi, ni karatasi tu, hiyo ni haki yake kama mmekubaliana hivyo, wengi wanaogopa ramani zao kunakiliwa. Mwombe basi PDF yenye muhuri na siyo faili la AutoCAD, yaani lile la programu ya kuchorea ambalo ni rahisi kuhaririwa. Kwa kibali, PDF ndiyo unayoihitaji.